Kuwapa watu daka kabla ya shairi: shajara ya mradi wetu wa usomaji, Lubumbashi

Juni, wiki ya mwisho

Mradi umepata umbo. Mwezi wa tisa tutasoma beti za Al-Inkishafi mbele ya watu wa mtaa, katika ukumbi wa parokia moja ya Katuba, na kabla ya kusoma tutazitambulisha sitiari zake. Usomaji wenyewe hauna shida kubwa: dada yetu msomaji ana sauti na ana pumzi. Kazi yote iko kwenye zile dakika chache kabla hajafungua mdomo. Naandika shajara hii kwa ajili ya wenzetu wa Likasi na Kolwezi ambao wameomba kujua tunavyofanya.

Kwa asiyelijua shairi: alilitunga Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtu wa Pate, kisiwa kimoja katika visiwa vya Lamu, kaskazini ya pwani ya Kenya. Ni mwanzoni mwa karne ya 19, Pate ya matajiri imeshaanguka. Mshairi anazungumza na moyo wake mwenyewe. Anauonyesha dunia ilivyo, anauonyesha majumba ya wakubwa yaliyobaki magofu, anauuliza mbona bado umelala. Kila ubeti una mishororo minne. Mitatu inavutana kwa kina kimoja, na wa nne unafunga kwa -ye, ubeti baada ya ubeti, mpaka sikio linaanza kuingojea hiyo -ye kabla haijafika.

Tumechukua mafungu mawili tu. La kwanza ni pale dunia inapofananishwa na bahari iliyochafuka, halafu na kisima, halafu na vumbi la kwenye mwanga, halafu na mazigazi. La pili ni lile la majumba: kwanza yaking'aa, kisha yakiwa tupu. Tumeacha beti za adhabu ya kaburi na za moto. Ni nzito, na zinadai jioni yake peke yake.

Julai, mwanzoni

Rasimu ya kwanza ya utangulizi imeandikwa na mwenzetu mmoja, mwalimu wa sekondari. Naiweka hapa kama ilivyo, kwa ruhusa yake, maana ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa kufanya:

"Shairi hili linahusu ubatili wa mali. Bahari ni dunia na hatari zake. Kisima ni tamaa. Vumbi ni starehe zisizoshikika. Nyumba zilizobomoka ni mwisho wa kila fahari. Sasa sikilizeni."

Tuliijaribu jioni katika ua mmoja wa Kamalondo. Ni mwezi wa baridi, kina mama walikuja wamejifunika mablanketi, mbabula ya makaa iko katikati. Mwalimu alisoma utangulizi wake vizuri, kwa sauti safi. Dada akafuata na beti. Walisikiliza kwa adabu. Alipomaliza, mama mmoja mwenye umri akasema bila ubaya wowote:

"Mwalimu, ulisha kutwambia yote. Sasa yaya anatwambia nini tena?"

Yaya kwetu ni dada, yaani msomaji wetu. Nimeliandika swali hilo juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari la mradi, kwa sababu limeshika jambo lote. Msikilizaji akishapewa maana mkononi, shairi linamkuta ameshiba. Anabaki kukagua tu: kweli, bahari hii hapa, kisima hiki hapa. Ile kazi ya kuvuka kutoka kitu hadi maana, ambayo ndiyo raha ya sitiari na ndiyo inayomfanya mtu aikumbuke mpaka kesho, imeshafanywa na mwingine.

Lakini kuna upande wa pili. Baada ya siku chache, katika ua huohuo, tulisoma beti za majumba bila utangulizi wowote. Watu walipotea. Mtu asiyejua daka, kile kishubaka cha ukutani cha kupangia vyombo, hawezi kushtuka akiambiwa ndege wametaga ndani yake. Kwa hiyo kunyamaza nako si dawa.

Julai, katikati

Mzee mmoja wa Kiluba, ambaye tunamheshimu sana na ambaye amesikia kasala nyingi, yale mashairi ya sifa ya Waluba, maishani mwake, alikuja kutuuliza kwa nini tunatambulisha chochote. Anayetoa kasala, alisema, hasimami kwanza kueleza majina ya sifa. Anayatupa, moja juu ya jingine, na mwenye kuguswa anaguswa mpaka machozi. Ukieleza, umeua.

Nimelifikiria neno lake siku nyingi, na naona lina ukweli mkubwa na mpaka wake. Kasala inatolewa kwa wenyewe. Yule anayelia anapotajiwa mto fulani au babu fulani anaujua mto, anamjua babu, au amewasikia tangu utotoni. Ufunguo anao mfukoni tayari. Al-Inkishafi imekuja kwetu kutoka Bahari ya Hindi, ikiwa na miamba ambayo hatujaikanyaga na kuta ambazo hatujazigusa. Watu wa Katuba wanastahili kuwekwa mahali palepale alipokuwa msikilizaji wa Pate kabla shairi halijaanza: awe anajua vitu. Zaidi ya hapo, mzee ana haki, tunyamaze.

Hapo ndipo kanuni ya mradi ilipozaliwa, na hatujaibadilisha mpaka leo: toa kitu, usitoe maana. Mweleze mtu bahari inavyofanya. Usimwambie bahari ni nani.

Julai, mwishoni: bahari

Tumeanza na bahari kwa sababu ndiyo ya kwanza katika fungu letu na ndiyo iliyo mbali nasi kuliko vyote. Mshairi anaiita dunia bahari iliyochafuka, yenye matumbawe, na anayeipanda ni mtu wa hasara.

Pendekezo la haraka lilikuwa kuifanya ziwa. Wengi wetu tuna ndugu Kalemie na Moba, Tanganyika tunaijua, Mweru tunaijua. Mama mmoja mzaliwa wa Kalemie alitusimulia upepo wa usiku unavyoinua mawimbi mpaka mitumbwi inageuzwa, na kwa dakika kadhaa nilidhani tumeshamaliza kazi. Kisha yeye mwenyewe akauliza: hayo matumbawe ni nini? Kwenye ziwa kuna miamba, lakini iko pale ilipo, mvuvi anaijua, baba yake aliijua.

Swali hilo lilitupeleka kwenye kiini. Pwani ya Pate maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Yakipwa, unauona mwamba wa matumbawe umejitokeza, mkali, umejaa matundu. Yakijaa, mwamba unazama, uso wa maji unakuwa laini, na nahodha asiyeijua njia anapita juu yake kwa matanga kamili. Hatari inazidi pale ambapo macho yanaona salama. Ziwa letu halina mchezo huo wa maji, na ukiweka ziwa mahali pa bahari, shairi linabaki na mawimbi tu, linapoteza meno yake ya chini.

Tulichoamua kusema jukwaani ni hiki, na si zaidi: "Bahari ya Pate hupanda na kushuka. Ikishuka, mawe yake unayaona, yanakata kama chupa iliyovunjika. Ikipanda, huyaoni. Yako palepale."

Mama wa Kalemie ndiye atakayeyasema. Amewahi kuogopa maji, na inasikika katika sauti yake.

Agosti, mwanzoni: kisima, vumbi, mazigazi

Hapa hatukuwa na kazi. Kisima cha mshairi hakina ukingo, na kando yake yupo ndama mwenye pembe anayempiga kila anayesogea, asinywe. Watu wa pembezoni mwa mji wanaochota kwenye visima vya kuchimba wanajua maana ya kisima kisichojengewa mdomo. Hakuna mzazi ambaye hajamkemea mtoto asikaribie. Ndama aliwachekesha watoto kidogo, kisha hawakucheka tena mshororo wa nne ulipofika.

Vumbi linaloonekana kwenye mwale wa jua: kila nyumba yenye bati lililotoboka inalo, na kiangazi hiki chenye udongo mwekundu hewani tunalo la kutosha. Mazigazi: madereva wa barabara ya Kasumbalesa wanayaona kila mchana wa jua kali, maji yanayometa mbele ya gari na kurudi nyuma kadiri unavyokwenda.

Kwa vyote vitatu, utangulizi ni sifuri. Hili ni jambo ninalotaka wenzetu walishike: si kila sitiari inahitaji kutambulishwa. Ukimtambulisha mtu kwa kitu anachokiona kila siku, unamdharau, na unaichosha ile nafasi ndogo ya usikivu aliyokupa.

Agosti, katikati: madaka

Hili ndilo fungu lililotuchukua muda mrefu, na halinisumbui kulisimulia kwa urefu.

Nyumba za matajiri wa Pate zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ndani, kwenye ukuta wa chumba, walichonga vishubaka kwa safu, vyenye mapambo ya chokaa, visivyotoboka upande wa pili. Hayo ndiyo madaka. Humo walipanga vyombo vya kaure vilivyokuja na majahazi kutoka mbali, vikiwemo vya Uchina. Mshairi mwenyewe anaitaja sini ya kuteuliwa. Halafu, katika fungu la magofu, anasema:

*Madaka ya nyumba ya zisahani*
*sasa walaliye wana wa nyuni*

Makinda ya ndege yanalala palipokuwa sahani. Ni mishororo miwili tu, na kwangu hakuna mingine inayouma hivyo katika shairi zima.

Kijana wetu mmoja, fundi mwashi, alitengeneza ukuta wa mfano kwa maboksi: safu tatu za matundu, akaupaka chokaa nyeupe, akaweka sahani za bati ndani. Kazi nzuri, ya mikono yenye subira. Tulipoionyesha katika mazoezi watu waliitazama sana, wakaiuliza bei ya rangi, wakamsifu fundi. Tukasoma. Macho yakabaki kwenye maboksi. Tumeona kwamba kitu kinachojaza jicho lote hakiliachii sikio nafasi, na fundi mwenyewe ndiye aliyesema tuuondoe ukuta usimame nje, mlangoni, watu wauone wakiingia na waupite.

Kilichofanya kazi kilitoka kwa kina mama. Tulipokuwa tunazungumzia vyombo vya Pate, mmoja wao akauliza kama watu walikuwa wakivilia chakula. Hapana, vilikuwa vya kupamba. Akageuka kwa jirani yake, akasema: "Sawa sahani za bufe. Zile ni za bageni, shiye hatukuliaka mule." Wote wakaitikia. Katika nyumba nyingi za hapa, sebuleni kuna bufe, kabati lenye vioo, na ndani yake sahani na vikombe vilivyotolewa siku ya harusi. Bukari na sombe haviliwi humo. Mtoto haruhusiwi kugusa. Mama hufungua mara moja baada ya muda mrefu, anafuta vumbi, anapanga upya vilevile vilivyokuwa, anafunga.

Swali likawa: tutaje bufe jukwaani? Mwalimu alitaka tuseme waziwazi kwamba daka ni bufe ya Pate. Nilipinga, na bado napinga. Ukisema hivyo, watu watakaa kwenye sebule zao na Pate haitawafikia kabisa. Lakini ukisema kwamba sahani zilikaa ukutani na hakuna aliyekulia, mama aliyeketi mbele atalifungua kabati lake mwenyewe kichwani, bila ya wewe kumwomba ufunguo. Basi sentensi iliyobaki ni hii: "Kila daka lilikuwa na sahani yake. Hakuna mtu aliyekulia sahani zile."

Ndege hatuwataji kamwe. Ndege ni mali ya shairi.

Agosti, mwishoni: sufuri

Kabla ya magofu, mshairi anaonyesha nyumba zikiwa hai. Ubeti wenyewe ni huu:

*Nyumba zao mbake zikinawiri*
*kwa taa za kowa na za sufuri*
*masiku yakele kama nahari*
*haiba na jaha iwazingiye*

Taa za kioo na za sufuri, usiku ukawa kama mchana, uzuri na heshima vikawazunguka. Sisi waandaaji tuliupita haraka. Tulidhani taa ni taa.

Aliyetusimamisha ni mzee mmoja ambaye maisha yake ya kazi yalikuwa kwenye warsha ya kusubu vyuma. Alisikia neno sufuri, akauliza ni nini, tukamwambia: ile shaba ya manjano. Akanyamaza, kisha akaanza kutueleza kama mtu anayetaja ndugu zake. Sufuri ni shaba iliyotiwa zinki. Shaba inataka moto wa nyuzi zaidi ya 1,080 ndipo iyeyuke. Zinki kwa moto huo haingoji, inageuka moshi mweupe, kwa hiyo unaitia mwishoni na unajua utapoteza kiasi. Moshi ule ukiuvuta unashikwa na homa usiku, unatetemeka, asubuhi umepona. Kadiri zinki inavyozidi ndivyo wekundu wa shaba unavyopungua na manjano kuingia. Na zinki yetu, akaongeza, haikutoka mbali: ni ya Kipushi, safari fupi tu kutoka mjini.

Siku iliyofuata alirudi na bomba la maji, bilula ya zamani ya sufuri. Nusu moja alikuwa ameisugua kwa limau na majivu mpaka ikawa inachoma macho. Nusu nyingine aliiacha ilivyokuwa, nyeusi yenye ukijani kwenye mikunjo. Akaiweka mezani, akasema:

"Ukiiacha, inarudia weusi. Ile taa yao, kuko mutu alikuwaka anaisugua kila siku."

Niliusoma ubeti upya usiku ule. Usiku wa Pate ulikuwa kama mchana kwa sababu kulikuwa na mikono inayosugua, na katika miji ya pwani ya wakati huo mikono hiyo mara nyingi ilikuwa ya watumwa. Mshairi hawataji. Mng'aro wao umo ndani ya mshororo, wenyewe hawamo. Sikuwahi kuliona hilo katika miaka yote niliyolisoma shairi hili, na aliyenionyesha ni mtu aliyelisikia kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo mpango umebadilika. Sitiari hii haitatambulishwa na sisi. Mzee atapanda jukwaani na bilula yake, atasema maneno machache kuhusu sufuri na kusugua, kisha bilula itapita mkono kwa mkono kwenye mabenchi wakati dada anasoma. Kuna aliyetaka tuseme pia kwamba shaba ya taa zile huenda ilitoka Katanga, maana misafara ya Msiri, mtawala wa Bunkeya hapa Katanga, ilifika pwani. Msiri ni wa nusu ya pili ya karne ya 19, baada ya shairi. Wazo hilo halipandi jukwaani.

Septemba, wiki ya kwanza: mabishano

Tumebishana, na kwa ukali. Najaribu kuiandika kila hoja kwa haki yake.

Mwalimu na vijana wawili wanataka sentensi moja iongezwe mwishoni mwa utangulizi: "Pate ni Lubumbashi." Hoja yao ina nguvu. Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, iliundwa mwaka 1906, mji ukaanza 1910, tanuru likaanza kuyeyusha shaba 1911. Mwaka 1967 migodi ikawa ya taifa. Watu wa hapa waliishi ndani ya fahari ya shaba, na kambi, na shule, na hospitali, na unga uliogawiwa. Halafu, miaka ya 1990, uzalishaji ukaporomoka, na mwaka 2003 maelfu ya wafanyakazi waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari. Bomba kubwa la moshi bado limesimama karibu na kilima cheusi cha mabaki ya shaba. Tunawezaje, wanauliza, kusoma beti za majumba yaliyokufa katika mji huu na tusiseme?

Jibu langu ni kwamba mabenchi ya mbele yatakaliwa na watu walewale. Mzee wa warsha atakuwepo, na wenzake. Sentensi ile itawageuza kuwa mfano. Watakuwa wamekuja kusikiliza shairi na watajikuta wamewekwa ndani yake na mtu mwingine, mbele ya majirani. Mshairi wa Pate hakufanya hivyo. Aliuambia moyo wake, siyo wa jirani. Mwenye kuona Lubumbashi ndani ya Pate ataiona mwenyewe, kwa kiasi anachoweza kukibeba jioni ile.

Na kuna sababu ya pili, ya ufundi. Sitiari ikishafungwa kwa jina moja, milango mingine inazibwa. Mama aliyepoteza mume haruhusiwi tena kuiona nyumba yake. Muumini haruhusiwi kuona roho. Katekista wetu, ambaye tangu mwanzo amesikia humo sauti ya kitabu cha Mhubiri, angeambiwa kwamba kumbe ilikuwa ni habari ya kampuni.

Dada msomaji, ambaye hakuwa amesema neno, alimaliza ubishi kwa kusema kwamba baada ya sentensi kama ile yeye hawezi kuanza kusoma. Hatuijadili tena.

Jambo tulilokubaliana liongezwe ni dogo: kwamba mshairi alikuwa Mwislamu, sharifu, na kwamba lugha yake ni Kiswahili cha huko kwao. Ubeti utasomwa kwanza kwa lugha yake, kisha utasemwa kwa Kiswahili cha hapa Lubumbashi, kisha utasomwa tena kwa lugha yake. Mara ya tatu ndiyo inayopokewa. Mara ya kwanza ni ya kuzoeza sikio.

Septemba, baada ya usomaji

Ukumbi ulijaa, wengine walisimama kwenye mlango karibu na ukuta wa maboksi wa fundi. Umeme ulikatika mwanzoni, tukawasha taa za chaji na kuendelea.

Naandika yale yanayowafaa wanaotaka kufanya kazi hii.

Bahari ilipita vizuri kuliko tulivyotarajia. "Yako palepale" ya mama wa Kalemie ilifuatwa na kimya, na dada akaingia hapohapo, bila salamu, bila kichwa cha shairi. Ule ukaribu kati ya kitu na mshororo ndio uliosaidia. Tungeweka vitambulisho vyote mwanzoni, kama hotuba, visingefika.

Kisima, vumbi na mazigazi vilisomwa mfululizo. Kwenye mazigazi dereva mmoja alisema "ndiyo" kwa sauti, na watu wakamgeukia.

Bilula iligeuka kuwa jambo lenyewe. Mzee alisema kidogo kuliko alivyosema kwenye mazoezi, labda dakika moja. Ilianzia kwa watoto. Kila mtu aliigeuza upande unaong'aa, kisha upande mweusi, akampa jirani. Ilikuwa bado inatembea beti za magofu zilipoanza, na watu waliokuwa wameishika wakati wa popo na buibui waliishika tofauti, kwa mikono miwili. Hatukulipanga hilo.

Madaka: nilikuwa nimekaa pembeni ninakoweza kuwaona kina mama. Kwenye sentensi ya sahani walitabasamu, wakagusana viwiko. Kwenye makinda ya ndege tabasamu likaisha, na mmoja akasema jina la Bwana kwa sauti ya chini. Hakuna aliyekuwa amemwambia maana ya daka. Alijua kitu, na shairi likamfanyia mengine.

Bundi aliwatisha baadhi. Hapa kwetu bundi juu ya nyumba ni habari ya uchawi, na pwani nako si ndege wa heri. Sioni haja ya kuwatuliza watu. Mshairi alimweka ndani ya nyumba kwa makusudi.

Baada ya usomaji wazee wanne au watano walikaa na mzee wa warsha muda mrefu. Walikuwa wanazungumzia kambi, majina ya mabosi, nani alikaa nyumba ipi. Mwalimu alisimama karibu nao akisikiliza, kisha akaja kwangu, akasema wamelisema wenyewe, na wamelisema vizuri kuliko sentensi yake. Nampenda kwa hilo.

Oktoba, kabla ya mvua

Likasi wametuomba tufike kabla barabara haijaharibika. Mabadiliko ni machache. Ukuta wa maboksi haubebeki, utabaki. Bilula itakwenda, pamoja na mzee kama goti lake litamruhusu, na kama halitamruhusu tutatafuta msubu wa hukohuko, kwa sababu maneno ya sufuri hayafai kusemwa na mtu ambaye hajawahi kuuvuta moshi wake.

Ubeti wa kisima unataka mazoezi zaidi. Dada anakimbia kwenye mshororo wa tatu, pembe inapita kabla ndama hajaonekana; apumzike baada ya ndama.

Na swali moja limebaki wazi kwenye daftari. Tunataka mwakani kusoma beti za kaburi tulizoziacha. Katika zile, kitu chenyewe kila mtu anakijua, na wengi wana kidonda kipya. Nimewaomba mzee wa kasala na katekista wakae na dada juu ya hilo wiki ijayo, wasome beti kwanza wao watatu, kwa sauti, kisha watuambie kama kuna lolote la kutangulizwa.